Aero-optiki: hewa inapoisogeza nyota

Chungulia juu ya jiko la mkaa uliokolea. Ukuta wa ng'ambo unachezacheza kama uko chini ya maji, ingawa haujatikisika. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, na mwanga ukivuka kutoka moja kwenda nyingine hupinda. Aero-optiki ni jambo hilohilo, ila mahali pa jiko pana ndege yenye kasi, na mara nyingine mahali pa ukuta pana nyota.

Ndege na nyota wapi na wapi? SR-71, ndege ya upelelezi ya Marekani iliyoruka kwanza Desemba 1964, ilijua ilipo kwa chombo kilichotazama nyota kupitia kioo mgongoni mwake, hata mchana. Siku hizi GPS inavurugwa ovyo, na njia hiyo ya zamani imeanza kutamaniwa tena.

Ndege ikiipita kasi ya sauti, hewa hubanwa ghafla na kuwa wimbi la mshtuko. Chini yake, juu ya bodi ya ndege, kuna tabaka jembamba lililojaa vizingia vya hewa, yaani hewa inayojizungusha kama maji ya kimbunga kidogo. Tabaka hilo huitia nyota ukungu na kuichezesha, wimbi huisogeza. Mimi naogopa zaidi kusogezwa. Ukungu hupungua ukichukua wastani wa picha nyingi, lakini nyota iliyosogea upande uleule katika kila picha haikustui hata kidogo.

Piga hesabu. Kwenye kilomita 25, wimbi linaloongeza densiti ya hewa (uzito wake katika nafasi ileile) maradufu, likipigwa na mwanga kwa nyuzi 45, huupinda kama sekunde 2 za pembe (nyuzi 1 ina sekunde 3,600). Kwa ndege inayojua ilipo kwa nyota, hilo ni kosa la kama mita 60 ardhini. Shuka hadi kilomita 10, ambako hewa ni nzito mara kumi hivi, na kosa hukaribia mita 600.

Ndiyo maana wahandisi huiga safari nzima kwenye kompyuta. Hewa inayoizunguka ndege hugawanywa vijichumba mamilioni, densiti ya kila kimoja ikakokotolewa. Kuvifuata vizingia kimoja kimoja ndiko kunakokula muda. Kisha mwanga wa nyota hupitishwa humo, ukipindishwa hatua kwa hatua hadi kwenye lenzi. Kazi hurudiwa kwa kasi, kimo na pembe tofauti, hadi lipatikane jedwali ambalo ndege hulisoma ikiwa angani na kuirudisha nyota mahali pake kabla ya kukadiria ilipo.