Zinki iliyopakwa rangi

Juzi pale Deep Sea, Tanga, nahodha mmoja alinishika mkono kabla hata hatujamaliza salamu. "Mwalimu, hebu njoo uione hii mashine." Boti lake la faiba lilikuwa limepandishwa mchangani. Mguu wa mashine, ule wa alumini unaoshika propela, ulikuwa na vishimo kama kiazi kilichoingiwa na wadudu, na nilipokwangua kwa ukucha ukanitoka unga mweupe. Juu kidogo ya propela kulikuwa na kipande cha zinki, kizima kabisa, kinameremeta rangi ya buluu. Alikipaka mwenyewe. "Kila mara kinaliwa, nikaona bora nikilinde."

Nilicheka, halafu nikajuta kucheka. Aliyemuuzia ile zinki hakumwambia kwamba kuliwa ndiyo kazi yake.

Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, hapo tayari una betri, uwe umeikusudia au hukuikusudia. Atomu ya zinki huacha elektroni mbili nyuma yake na kuingia majini ikiwa ioni, yaani atomu yenye chaji:

Zn → Zn²⁺ + 2e⁻

Zile elektroni hupita ndani ya metali hadi kwenye mguu na propela. Hapo oksijeni iliyoyeyuka baharini inazisubiri:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Alumini inakuwa uwanja tu wa makabidhiano, yenyewe haitoi kitu. Sasa ukiipaka zinki rangi, umeitenga na maji. Ioni haina pa kutokea, kwa hiyo na elektroni hazitoki. Propela ya chuma cha pua bado inadai elektroni, na anayebaki kulipa ni mguu wa alumini.

Zinki hapo ndiyo anodi. Wanafunzi wangu wanaposikia hivyo hukunja uso, kwa sababu kwenye elektrolisisi, yaani kuchambua kitu kwa kukipitishia umeme, walikariri kuwa anodi ni upande wa chanya, na hapa zinki ni hasi. Mimi alama hizo huwa nazifuta ubaoni kwanza. Mwanasayansi Michael Faraday alipoanza kutumia majina haya mwaka 1834, kwa msaada wa mwanazuoni William Whewell, aliyachukua kwenye Kigiriki: anodi ni njia ya kupanda, kathodi njia ya kushuka. Jina halitaji chanya wala hasi. Swali langu ni moja: elektroni zinauacha mmenyuko na kuingia kwenye waya upande gani? Huko ndiko anodi. Kwenye betri zinki inazisukuma zenyewe, basi upande wake unajaa elektroni na kuwa hasi. Kwenye elektrolisisi chaja inazinyonya kwa nguvu, basi upande ule ule unakuwa chanya. Ni kama maji ya chemchemi na maji ya pampu: yote yanatoka chini, ila moja yanapanda yenyewe na mengine yanavutwa.

Ukitaka kuona, chukua penseli mbili zilizochongwa ncha zote mbili, betri ya volti 9, na glasi ya maji yenye chumvi nyingi na manjano kidogo, ile bizari ya jikoni. Fanyia barazani, si chumbani. Penseli iliyoungwa upande wa hasi itatoa mapovu mengi, na maji yanayoizunguka yatageuka mekundu ya udongo. Hiyo ndiyo kathodi: maji yanapokea elektroni, yanatoa hidrojeni na kubakiza OH⁻, na manjano ikikutana na OH⁻ hubadilika rangi. Usitarajie sodiamu, metali iliyomo kwenye chumvi, kwa maana maji hupokea elektroni kwa wepesi zaidi. Upande wa pili rangi inafifia, na pua inakuambia mapema: harufu ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Ni klorini.

Hapo ndipo mwanafunzi makini huniletea jedwali la volti, linaloonyesha nani hutoa elektroni kwa wepesi kuliko mwenzake. Oksijeni kutoka majini ingehitaji volti 1.23, klorini 1.36. Mbona imetangulia iliyo ghali? Namjibu kwa barabara. Kwenye ramani, njia ya pwani kutoka hapa Tanga kupitia Pangani hadi Bagamoyo ni fupi kuliko kuzunguka Segera na Chalinze. Lakini kwa miaka mingi mabasi yamezunguka, kwa sababu ya vumbi na kivuko. Kutoa molekuli moja ya oksijeni kunahitaji kung'oa elektroni nne na kuvunja molekuli mbili za maji, kazi ya polepole inayodai volti za ziada. Klorini inahitaji mbili tu, na chumvi imejaa tele. Ukiipunguza sana chumvi, oksijeni inaanza kushinda.

Jedwali hilohilo lingemponza na nahodha wangu. Linaweka alumini kwenye volti −1.66 na zinki kwenye −0.76, na aliye chini zaidi ndiye hutoa kwa wepesi, kana kwamba alumini ndiyo ingeliwa kwanza. Lakini alumini hujivika utando wa oksaidi, na kwa utando huo, baharini zinki ndiyo inayotangulia kutoa. Zinki ikikosekana, kloraidi, ioni za klorini zilizomo kwenye chumvi ya bahari, huutoboa utando hapa na pale. Ndiyo maana alipata vishimo badala ya kuliwa sawasawa.

Akaniuliza kipande kinadumu muda gani. Nikapiga hesabu mchangani kwa kijiti: gramu 65 za zinki hutoa chaji ya takriban kulombu 193,000, na mkondo ukiwa ampea 0.01 tu, hizo ni siku 223 hivi. "Miezi saba," akasema, "na mimi nilitaka kidumu milele." Akatoa brashi ya waya na kuanza kuikwangua ile buluu. Nikamwambia afungue na bolti, asugue hadi metali iguse metali, maana rangi ilikuwa imeingia mpaka huko nyuma.