“Ni Uzee Tu”: Maswali na Majibu Kuhusu Mama Muuguzi Mwenye Alzheimer

Maswali haya tunaulizwa na watoto wa wagonjwa, na mazito zaidi hutoka kwa watoto wa wauguzi wenzetu waliostaafu. Mama aliyejua dozi za wodi nzima kichwani leo hajui kama amekula. Karibu kila familia hutufikia ikiwa imechelewa, na sababu wanayotoa ni ile ile: tulidhani ni uzee.

Alzheimer ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa ubongo. Protini mbili, amiloidi na tau, hujirundika kwenye ubongo, na chembe zake hufa taratibu kwa miaka. Kwa kawaida uharibifu huanzia sehemu inayopokea mambo mapya, ndiyo maana mama anasimulia harusi yake vizuri lakini hajui nani alimtembelea asubuhi. Demensia ni jina la jumla la akili kupungua hadi mtu ashindwe shughuli zake, na kati ya wagonjwa 10 wa demensia, 6 au 7 wana Alzheimer. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza ugonjwa huu mwaka 1906, kutokana na mwanamke aliyelazwa akiwa na miaka 51. Huo umri nimeutaja makusudi.

Mama ana miaka 74. Kusahau si uzee tu?

Hapana. Uzee hupunguza kasi: jina linachelewa, baadaye linakuja lenyewe. Mzee mwenye afya husahau alikoweka funguo, akatafuta, akazipata. Mgonjwa anauliza swali moja mara tano ndani ya saa moja na kila mara ni kama anauliza mara ya kwanza. Anapotea kwenye njia aliyoipita miaka yote. Hesabu za pesa zinamshinda. Anaficha pochi, kisha anamshtaki msichana wa kazi kuwa ameiba, na wengine wamefukuzwa kazi kwa kosa hilo ambalo halikuwa lao.

Wazee wengi sana hufika miaka 80 na 90 bila ugonjwa huu. Kama ungekuwa uzee, wangeupata wote.

Lakini anakumbuka hata majina ya wagonjwa wake wa zamani!

Bado si uzee, na bado anaweza kuwa mgonjwa. Kumbukumbu za zamani huchelewa kuguswa, kwa hiyo hazithibitishi kwamba mtu ni mzima.

Muuguzi ni mgumu zaidi kumgundua. Kazi imemzoesha kuwa mtulivu mbele ya watu. Ukimuuliza leo ni siku gani, anatabasamu na kukurudishia swali: “Kwani wewe mwanangu una haraka ya nini?” Mnacheka, yanapita. Tena mtu aliyesoma na kutumia akili sana kazini huweza kuficha dalili kwa muda mrefu, na zinapojitokeza ugonjwa umeshaenda mbali. Anaweza kuongea nami kuhusu vidonda vya kitandani kwa ufasaha kunizidi, kisha nikimpa kalamu achore saa, namba zote anazijaza upande mmoja.

Kwa mtu kama huyu tuangalie nini mapema?

Dawa. Ninasisitiza, dawa.

Katika familia nyingi mama muuguzi ndiye hospitali ya nyumbani. Yeye anapima dawa ya maji ya mjukuu mwenye homa, yeye anamchoma baba insulini, na vidonge vyake vya presha anajipangia mwenyewe. Hakuna anayemhakiki, maana nani atamhakiki sista? Sasa mtu huyo hakumbuki kama amekunywa kidonge saa mbili zilizopita. Anakunywa tena. Au hanywi kabisa, na presha inapanda kimyakimya hadi kiharusi. Insulini ikichomwa mara mbili, sukari inaweza kushuka mpaka mtu azimie na kufa.

Hesabuni vidonge vilivyobaki mlinganishe na tarehe ya kuchukua dawa. Visipolingana, dawa zote za nyumba zishikwe na mtu mwingine kuanzia siku hiyo. Najua mnaona ni kumvunjia heshima. Heshima yake haimo kwenye bomba la sindano. Mpeni nafasi ya kukaa karibu na “kusimamia” wakati mwingine anapima.

Ugonjwa wenyewe hauponi. Tumpeleke hospitali ya nini?

Swali hili hunichosha, maana wanaouliza wameshajifanyia uchunguzi wenyewe na kutoa jibu. Nani amewaambia ni Alzheimer? Upungufu wa vitamini B12 huleta kusahau. Tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo huleta kusahau. Sonona huleta kusahau, hasa kwa mjane aliyeachwa peke yake. Dawa za usingizi, na zile za mafua na mzio zinazolewesha, huvuruga akili ya mzee. Damu inaweza kuvilia taratibu ndani ya fuvu baada ya kuanguka wiki kadhaa nyuma. Masikio yakiziba, mtu huonekana hana akili kumbe hasikii. Haya yote hutafutwa kwa mazungumzo, vipimo vya damu na, ikihitajika, picha ya ubongo, na mengi yana tiba. “Uzee” hauna tiba, kwa hiyo aliyebandikwa jina hilo hakuna anayemtibu.

Ikithibitika ni Alzheimer, dawa kama donepezili, rivastigmini na memantini haziponyi, ila kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza makali ya dalili kwa muda. Na mama akija mapema bado ana uwezo wa kusema mwenyewe nani ashike mambo yake na atunzwe vipi. Mkisubiri, mtayagombania bila yeye.

Juzi alikuwa anatujua, leo anaweweseka na hatujui. Ugonjwa umepanda?

Alzheimer haipandi hivyo kwa usiku mmoja. Akibadilika ghafla kwa saa au siku chache, kuna kitu kingine: maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji mwilini, sukari, kiharusi, au dawa mpya aliyoanzishwa. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa. Hii ni dharura, mpelekeni leo. Msingoje kesho, wala ndugu anayesafiri afike kwanza. Na msiseme ni uzee! Hapa ndipo neno hilo linapoua.

Usiku anavaa, anasema amechelewa zamu. Tumnunulie dawa ya usingizi?

Msimnunulie. Dawa hizo humwongezea kuchanganyikiwa na kumwangusha, na mfupa wa nyonga ukivunjika wengi hawatembei tena kama zamani. Zile za kutuliza wagonjwa wa akili huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa mzee mwenye demensia. Hutolewa pale tu daktari anapoona hakuna njia nyingine, tena kwa muda mfupi.

Angalieni kwanza kama ana maumivu, haja ndogo au njaa. Kisha msibishane naye. Kumwambia “ulistaafu zamani, na wenzako wengi wamekufa” ni kumpa msiba mpya kila usiku. Muulizeni zamu ikoje, mpeni taulo akunje. Mikono yake bado inajua kazi hiyo, na mara nyingi humtuliza. Mlango wa nje uwe na komeo asiloliona kwa urahisi, na mfukoni mwake kuwe na namba ya simu yenu.

Tunataka kuyahifadhi maisha yake. Tuanze lini?

Leo, naye akiwepo. Familia nyingi hukusanya habari za mama siku ya kuandika wasifu wa marehemu, na hapo ndipo watu wanatazamana: alianzia wodi gani? Nani alimfundisha kazi? Mrekodini akiongea. Andikeni majina nyuma ya picha. Wekeni karatasi moja kwa anayemtunza: anapenda kuitwa sista, haogi mbele ya mwanamume, wimbo fulani humtuliza. Mtunzaji mwenye karatasi hiyo hupigana naye mara chache.

Akifariki, ugonjwa tuutaje?

Utajeni kwa jina lake. Mara nyingi kinachomaliza ni nimonia, maana kumeza kumeharibika, lakini mlioishi naye mnajua kilichotangulia. Mkisema “aliugua uzee”, jirani aliyekaa msibani ataenda kumwambia mama yake hivyo hivyo.

Na sisi watoto wake, tutaupata?

Hatari yenu imezidi kidogo, lakini wengi wenye mzazi mgonjwa hawaupati. Pimeni presha na sukari, acheni sigara, punguzeni pombe, fanyeni mazoezi, tibuni masikio yanayopoteza usikivu. Anayeona anaanza kusahau kuliko kawaida aje na mtu anayeishi naye, na dawa zote anazotumia azitie kwenye mfuko mmoja aje nazo.