Kichocheo cha ununuzi katika vyakula vya protini ya mimea: maana yake

Kichocheo cha ununuzi ni jambo linalomsukuma mtu atoe fedha yake achukue bidhaa moja na kuiacha nyingine iliyo kando. Katika vyakula vya protini ya mimea, yaani maharage, dengu, njegere, tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini), maziwa ya soya na nyama zinazotengenezwa kwa mimea, watu wengi hukichanganya na msimamo. Mtu anaweza kuamini kwa moyo wote kwamba apunguze nyama, na kapu lake likajaa nyama kila wiki. Msimamo anao, kichocheo bado.

Mwaka 1995 watafiti Andrew Steptoe, Tessa Pollard na Jane Wardle walichapisha hojaji ya sababu za kuchagua chakula, na ingali inatumika sana. Sababu zenyewe wamezigawa katika makundi 9: afya, hali ya hisia, urahisi, ladha na mvuto, uasilia, bei, kudhibiti uzito, mazoea na maadili. Ni mgawanyo mzuri, ila unaficha jambo moja kubwa: sababu hizi hazifanyi kazi kwa wakati mmoja. Inayomfanya mtu ajaribu mara nyingi siyo inayomrudisha.

Kujaribu huchochewa na afya, mazingira, huruma kwa wanyama, au udadisi tu. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha uchambuzi wa mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119, ukionyesha kwamba kwa kiasi kilekile cha protini, nyama ya ng'ombe huzalisha gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, nyingi mno kuliko jamii ya kunde. Habari za namna hii humfanya mtu ainue pakiti na kuisoma. Akishaila, habari inabaki nyuma na ulimi ndio unaoamua.

Chukua maziwa ya soya. Soya ikisagwa na maji baridi, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho lipoksijenesi hukutana na mafuta ya punje pamoja na hewa, na papo hapo hutokea ile harufu ya majani mabichi ambayo haiondoki kirahisi hata ukiyachemsha baadaye. Ikisagwa na maji ya nyuzijoto 80 au zaidi, kimeng'enya huharibika kabla hakijafanya kazi yake. Mnunuzi hayajui haya yote. Anajua tu kwamba alionja akachukizwa, na hukumu hiyo huiangushia soya nzima, pamoja na tofu ambayo hajawahi kuigusa.

Vipande vya soya vilivyokaushwa navyo hukosewa jikoni. Vikitumbukizwa vikavu kwenye mchuzi hunywa rojo lote na kubaki kama sifongo. Viloweke kwenye maji ya moto yenye chumvi dakika 10 hadi 15, vikamue kwa nguvu, vikaange hadi viwe rangi ya kahawia, ndipo utie mchuzi. Pakiti isiyoeleza hivyo inampoteza mnunuzi aliyekwisha kupatikana.

Bei ni kichocheo chenye nguvu, lakini husomwa vibaya. Kulinganisha kilo kwa kilo hakufai. Dengu kavu zina takriban gramu 25 za protini kwa kila gramu 100. Zikipikwa hunywa maji, na gramu 100 za sahani hubaki na kama 9. Hesabu ya haki ni kuzidisha protini ya gramu 100 kwa uzito wa pakiti na kugawa kwa 100, kisha bei igawanywe kwa jumla hiyo. Hapo jamii ya kunde huwa nafuu kabisa, wakati nyama za mimea zilizosindikwa mara nyingi huwa ghali, tena baadhi zina chumvi nyingi, jambo linalomvunja moyo yule aliyekuja kwa ajili ya afya.

Kuna na suala la nani hasa ananunua. Wengi wa wanunuzi wa nyama za mimea bado wanakula nyama, wanapunguza, hawajaacha. Kwa hiyo pakiti iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya wasiokula nyama humwambia mtu huyu kwamba si yake. Maneno yanayotaja ladha, mapishi na kiasi cha protini humgusa zaidi.

Anayetaka kujua vichocheo vya wateja wake asiwaulize kwa nini wananunua. Watataja mazingira na afya, kwa sababu ni majibu ya heshima. Aulize mambo yaliyotendeka: mara ya mwisho ulinunua lini? Uliacha nini ili uchukue hiki? Ulikipikaje, na nani nyumbani alikimaliza? Ulinunua tena? Na awatafute hasa walionunua mara moja wakaishia hapo, maana hao ndio watakaomwonyesha ni wapi kichocheo kilikatika: kwenye bei, kwenye harufu, au kwenye sufuria.