Kiporo: maswali na majibu

Wali uliolala mezani, nikiupasha vizuri asubuhi si vijidudu vyote vinakufa?

Vijidudu vinakufa, sumu yao inabaki. Mchele hutoka shambani ukiwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemka. Wali ukiachwa vuguvugu zinaamka, bakteria wanazaliana na kutoa sumu ambayo hata ukiikaanga kwenye mafuta haiharibiki. Ndiyo maana mtu anakunywa chai na wali unaofuka mvuke, kisha ndani ya saa 1 hadi 6 anatapika. Wala usitegemee pua: wali wenye sumu hiyo unaweza usinuke wala usiwe na utelezi. Angalia muda, tangu sufuria ilipoepuliwa mpaka wali ulipoingia kwenye friji. Usizidi saa 2, na siku za joto la Dar es Salaam au Mombasa, nyuzi 32 kwenda juu, usizidi saa 1.

Lakini chakula cha moto si kinaharibu friji? Nasubiri kipoe kwanza.

Hapa ndipo viporo vingi vinapoharibikia. Unasubiri kipoe, usingizi unakupitia, na sufuria kubwa iliyofunikwa bado ni vuguvugu katikati usiku wa manane. Kuiingiza nzima ikiwa ya moto nako si dawa, kwa sababu kati haipoi upesi na jirani zake kwenye friji wanapata joto.

Pakua chakula kwenye vyombo bapa, kina chake kisizidi sentimita 5. Viweke kwenye beseni la maji baridi, maji yaishie chini ya ukingo, na uyabadilishe yakipata joto. Mchuzi ukoroge kila baada ya dakika chache. Mvuke ukiisha, mara nyingi ndani ya nusu saa, ingiza kwenye friji, mfuniko ukiwa wazi kidogo. Funika kabisa kikishapoa. Friji iwe nyuzi 5 au chini yake. Zile namba za kwenye kitufe si nyuzi joto, kwa hiyo nunua kipimajoto kidogo, kitumbukize kwenye glasi ya maji iliyolala humo ndani, ndipo usome. Na usiijaze mpaka hewa ikose pa kupita.

Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa takriban saa 4. Kila anayefungua kuchungulia anapunguza muda huo.

Baba anachelewa kurudi. Chakula chake kikae kwenye hotpoti?

Hotpoti inatunza joto, haiongezi. Isuuze kwa maji yanayochemka, ijaze chakula cha moto kweli kweli, funga. Chakula kikiwa juu ya nyuzi 60 bakteria hawazaliani. Kikishuka, mfuniko ule ule uliokuwa unasaidia sasa unakiweka vuguvugu kwa saa nyingi. Akirudi ndani ya saa 2, inatosha. Akirudi saa 5 usiku, kipoze mapema, kiweke kwenye friji, umpashie akifika. Kumpashia mtu chakula si kumkosea heshima.

Uji wa mtoto kwenye chupa ya chai ni hivyo hivyo, usilale humo. Na uji ulioingiwa na kijiko kilichotoka mdomoni mwa mtoto hauhifadhiwi hata kama umebaki mwingi. Mimina pembeni kiasi cha kulisha, kinachobaki kwenye bakuli kimwagwe.

Hatuna friji. Tufanyeje?

Pikeni kinachoisha. Kilo 1 ya mchele hutosha takriban watu wazima 8 hadi 10. Pima kwa kikombe kile kile kila siku, utajua kipimo cha nyumba yako ndani ya wiki. Vya nazi vinachacha upesi, kwa hiyo tui liingie kwenye sehemu ya kula sasa hivi tu. Wengi huchemsha mboga asubuhi na jioni ili isichache. Inapunguza bakteria, ila haigusi mbegu wala sumu iliyokwisha kutoka. Usiitegemee kulaza nyama au maharage.

Pilau la shughuli tulilofungiwa?

Hesabu tangu sufuria lilipoepuliwa, si tangu ulipofika nyumbani. Pilau lililoepuliwa saa 6 mchana likakufikia saa 12 jioni limeshapita muda, hata likinukia vipi. Nyama iliyopoa taratibu ndani ya sufuria kubwa humpa nafasi bakteria mwingine, Clostridium perfringens, na tumbo hukata na kuharisha baada ya saa 6 hadi 24, ndiyo maana watu hulaumu chakula cha kesho yake. Wenye shughuli, gaweni mara tu wageni wanapomaliza kula, na kachumbari ifungwe peke yake.

Kupasha kwenyewe?

Pasha unachokula tu, mara moja. Mchuzi uchemke mpaka utoe mapovu katikati, si pembeni. Wali unyunyizie maji kidogo, funika, ugeuze mpaka mvuke utoke hata chini. Mikrowevu huacha sehemu baridi, hivyo koroga kisha rudisha. Mboga na nyama zilizowahi kwenye friji zinakaa siku 3. Wali umalize ndani ya siku 1.

Mtu ameshakula na ameanza kutapika au kuharisha.

Mpe maji ya ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini), pakiti kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita 1. Kama haipo, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee kijiko kimoja kimoja. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Dawa za kuzuia kuharisha mtoto asipewe; kituoni atapewa zinki ya siku 10 hadi 14. Nendeni hospitali bila kusubiri kukiwa na damu kwenye choo, homa kali, macho kudidimia, mkojo kukauka, mtoto kulegea, au akitapika kila anachokunywa.