Raspberry Pi bila skrini: kazi kubwa ni kabla ya kuiwasha

Bodi zangu zote za Raspberry Pi, zile kompyuta ndogo za bodi moja, hazijui skrini wala kibodi. Zinakaa nyuma ya ruta na juu ya kabati, nami naingia kwa SSH, njia salama ya kuiamuru kompyuta nyingine kwa maandishi kupitia mtandao, kutoka kwenye laptopu. Watu huniuliza nawezaje kuisanidi kompyuta nisiyoiona. Jibu ni kwamba karibu yote nayamaliza kabla ya kuiwasha.

Ukiandika mfumo kwenye kadi ya SD kwa programu ya Raspberry Pi Imager, utapewa nafasi ya kuweka mipangilio yako. Wengi huiruka, halafu wanashangaa mbona hawaingii. Hapo ndipo unapoipa bodi jina, unaunda mtumiaji na nenosiri, unaweka Wi-Fi na nchi, na unaruhusu SSH, kwa sababu yenyewe huja ikiwa imefungwa. Ukikutana na maelezo yanayokwambia uingie kwa jina `pi` na nenosiri `raspberry`, ujue ni ya zamani. Mtumiaji huyo aliondolewa Aprili 2022.

Chomeka kadi, washa, ngoja dakika mbili tatu. Kama uliiita bodi kibuyu na mtumiaji ni fundi, andika:

`ssh fundi@kibuyu.local`

Ikiwa kimya, tazama taa ya kijani. Ikipepesa, kadi inasomwa na tatizo huenda ni mtandao. Niliwahi kupoteza jioni nzima na Pi ndogo ya Zero 2 W, nikaandika kadi upya mara tatu, kumbe ruta ilikuwa inarusha jina la Wi-Fi nililoweka kwa masafa ya 5 GHz tu. Bodi ile husikia 2.4 GHz peke yake. Kadi haikuwa na kosa lolote.

Mchawi mwingine ni umeme. Ukishaingia, andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu la `0x0` ni salama. Ukiona `0x50000`, umeme umewahi kushuka tangu bodi iwake, na kasi ikapunguzwa. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu yenye waya mrefu mwembamba haifiki huko, hata ikiandikwa maneno gani mgongoni.

Sasa ufunguo, yaani jozi ya faili za kuingilia badala ya nenosiri. Kwenye laptopu andika `ssh-keygen -t ed25519`, kisha `ssh-copy-id fundi@kibuyu.local`. Nusu ya siri inabaki kwako, nusu ya wazi inahamia kwenye bodi. Ukiona umeingia bila kuulizwa nenosiri la bodi, fungua `/etc/ssh/sshd_config`, weka `PasswordAuthentication no`, uanzishe SSH upya. Lakini usifunge dirisha ulilomo! Jaribu kuingia kwa dirisha la pili kwanza. Likikataa, lile la kwanza ndilo litakalokuokoa.

Kuingia kutoka nje ya nyumba ni habari nyingine. Usifungue mlango wa 22, ule wa SSH, kwenye ruta. Roboti hupita mtandaoni usiku na mchana zikijaribu majina na manenosiri, na kumbukumbu za bodi yako zitajaa majaribio yao. Mimi natumia WireGuard, aina ya VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani, ambayo haimjibu asiye na ufunguo. Ila kama anwani ya nje ambayo ruta yako imepewa iko kati ya 100.64 na 100.127, unachangia anwani moja na wateja wengine, na kufungua mlango wa WireGuard kwenye ruta hakutasaidia. Hapo chukua huduma kama Tailscale.

Na ukiwa mbali, ukitaka kuianzisha upya andika `sudo reboot`. Mimi niliandika `sudo poweroff`, inayozima kabisa, kwa mazoea. Amri ilitii vizuri kabisa. Ikabidi nimpigie simu jirani aingie ndani, achomoe waya mweupe wa umeme wa bodi nyuma ya ruta, auchomeke tena. Alichomoa wa ruta.