Ukizima kwa rimoti, umeme bado unaliwa

Nyumba nyingi za Mtwara, kuanzia Shangani hadi Mikindani, huamini televisheni ikizimwa kwa rimoti haili umeme tena. Kioo cheusi kinashawishi, kweli. Lakini taa nyekundu ikiwaka, umeme unapita. Kwa televisheni mpya ni kidogo mno, mara nyingi chini ya wati 1. Wa kuangaliwa ni king'amuzi: vingi huendelea kufanya kazi ndani hata vikionekana vimezimwa. Kinachovuta wati 10 usiku na mchana humaliza uniti 7 hivi kwa mwezi.

Kujihakikishia, chomoa vifaa vingine vyote, friji pia, kisha tazama kitaa cha mita ya LUKU. Kwenye mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh, yaani kitaa humweka mara 1000 kwa kila uniti, kumweka mara moja kila dakika 6 ni wati 10. Sasa zima king'amuzi kwenye soketi, utazame tena.