Kompyuta kuu inaionaje Pemba?

Msimu wa karafuu uliopita nilikuwa Mtambile, nimekaa barazani kwa mzee mmoja, karafuu zake zimeanikwa uani juu ya majamvi. Mawingu yakaanza kujikusanya. Wajukuu wakatoka mbio kukunja majamvi, maana karafuu ikinyeshewa kabla haijakauka hupauka, ikasinyaa, na bei yake ikaanguka. Mzee akanigeukia: "Mwanangu, hiyo mitambo yenu ya Ulaya inaijua Pemba?"

Nilimjibu inaijua, lakini kwa mbali. Jibu lile lilikuwa fupi mno, na swali lake lilistahili zaidi.

Kompyuta kuu ni maelfu ya kompyuta zilizounganishwa zikagawana hesabu moja. Iitwayo Derecho, iliyoanza kazi 2023 mjini Cheyenne, Marekani, kwa ajili ya watafiti wa anga na tabianchi, kwa upeo wake hufanya hesabu zaidi ya trilioni 19,000 kwa sekunde. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa nacho kina mtambo wake Bologna, Italia. Kutoka kituo hicho ndiko inakotoka kumbukumbu ninayoitumia karibu kila siku, ERA5: vipimo vya ardhini, melini, vya maputo na vya setilaiti vimechanganywa na modeli, yaani programu ya kompyuta inayoiga mwenendo wa anga kwa hesabu, kikapatikana kisio cha hali ya anga ya dunia nzima kwa kila saa tangu 1940.

Dunia hiyo imekatwa miraba, na kila mraba una upande wa kilomita 31 hivi. Pemba, hata pale ilipo pana zaidi, haizidi kilomita 23. Mraba mmoja una kilomita za mraba 961. Kisiwa chote, kuanzia Kigomasha hadi Mkoani, hakifiki 1,000. Na kwa kuwa kimekaa kwa urefu, kinaangukia kwenye miraba miwili mitatu iliyojaa bahari. Sisi tunajua magharibi ya Pemba, yenye vilima na mikarafuu, hupata mvua kuliko mashariki kwenye maweni. Mraba hauna nafasi ya kuijua tofauti hiyo.

Na tofauti za masafa madogo hapa kwetu si jambo dogo. Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama, visiwa viwili vilivyoachana kwa kilomita 50 tu.

Kwa nini basi wasikate miraba midogo? Ukiupunguza upande wa mraba kwa nusu, miraba inakuwa mara nne. Kisha hatua za muda nazo lazima zipunguzwe kwa nusu, la sivyo hesabu zinavurugika. Kazi imekuwa mara nane. Kutoka kilomita 31 hadi 4 ni kugawa nusu mara tatu: kazi mara 512. Ndiyo maana tunaokota eneo dogo, tuseme pwani yetu na visiwa, tukaliendeshea modeli ya kieneo, huku kingo zake zikilishwa takwimu na ile modeli kubwa ya dunia nzima.

Lakini kilichobadilisha kazi yangu kuliko ukubwa wa mitambo ni huduma ya data. Mvua ya dunia nzima, saa kwa saa, kwa mwaka mmoja, ni takriban gigabaiti 18. Kwa intaneti ya hapa, na umeme unaokatika, hilo ni jambo la kukesha. Siku hizi unajiandikisha bila malipo, unaomba kipande chako tu: latitudo 4.5 hadi 6.75 kusini, longitudo 39 hadi 40 mashariki. Ni nukta 50, yaani mahali 50 penye kisio cha mvua. Mwaka mzima haufiki megabaiti moja, mdogo kuliko picha ya simu. Kukata kumefanyika huko huko data iliko.

Hapo kuna mtego mmoja ambao nawasihi vijana wanaoanza wauangalie sana. Kipima mvua chetu husomwa saa tatu asubuhi, na siku ya mvua ni kutoka saa tatu hadi saa tatu. Siku ya ERA5 huanza saa sita usiku ya Greenwich, yaani saa tisa usiku kwetu. Usipozihamisha saa hizo, mvua ya alfajiri inaangukia siku nyingine kabisa, na utailaumu modeli bure.

Sasa nirudi kwa mzee. Mvua ya kesho aisikilize kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa sababu ERA5 inaeleza yaliyopita, nayo hutufikia imechelewa siku tano hivi. Inachoweza kumjibu ni swali lingine: karafuu yake inataka siku nne au tano za jua mfululizo, je, siku kama hizo hupatikana mara ngapi mwezi wa Oktoba, na vuli imekuwa ikiwahi au ikichelewa? Hilo linahesabika, miaka zaidi ya 80.

Linahesabika, ila kwa mraba ule mpana wenye bahari ndani. Kwa hiyo nimempelekea kipima mvua, tumekisimamisha mbali na mikarafuu ili majani yasikikinge. Mkaza mwanawe ndiye anayesoma, saa tatu asubuhi, na kuandika kwenye daftari la mistari lililofungwa kwa uzi kwenye nguzo ya baraza. Kila mwisho wa mwezi hunipigia picha kurasa zile, nami nazilinganisha na mraba wao.